Urukangaga wa Masika

Mama yangu aliingia nchi hii akiwa amebebwa mgongoni na dada yake. Ukiacha nguo walizovaa, walivuka mpaka na sufuria moja isiyo na mfuniko. Hayo alinisimulia mara chache, na kila mara kwa maneno yaleyale, kama mtu anayesoma tangazo la kanisani. Nilipozaliwa mimi alikuwa tayari ameolewa na Mhangaza mwenye shamba dogo la migomba huko Mbuba, na majirani wengi walikuwa wamesahau alikotoka. Yeye hakusahau. Nadhani mtu aliyekuja bila ardhi huitazama ardhi kwa jicho lake mwenyewe. Anajua kila shamba ni la nani, mpaka unapita wapi, na wapi hapana mpaka kabisa.

Bondeni hapakuwa na mpaka. Chini ya mteremko wetu kuna kijito, na pande zote mbili za kijito maji hutuama mwaka mzima. Ukiwa juu barabarani utadhani ni nyasi tu. Ukishuka utaona ni urukangaga, mmea wa jamii ya mafunjo, unaompita kimo mtu mfupi, wenye shina la pembe tatu na harufu ya maji yaliyokaa. Wanawake wa kwetu huukata, huuanika, huusuka mikeka. Mkeka wa urukangaga ndio tuliolalia, ndio tuliowatandikia wageni, na ndio mama aliouza sokoni Kanazi ili mimi nipate sare ya shule.

Nilipokuwa bado shule ya msingi, mikeka ilipata wateja wengi ghafla. Watu wakaanza kuingia bondeni wakati wowote. Wengine hawakukata, waling'oa, kwa sababu kung'oa ni haraka kuliko kukata. Mvua zilizofuata, upande ule uliong'olewa uliota majani makali yasiyofaa kusukia chochote, na kisima tulichochotea maji pembeni yake kikawa matope. Mama alikuwa akirudi kutoka kisimani na ndoo nusu, anaiweka chini, anaitazama.

Jumapili moja baada ya ibada aliwaomba wanawake wabaki nje ya kigango. Nilikuwa nimemshika khanga. Sikuwahi kumsikia akizungumza mbele ya watu, na sauti yake ilitoka nyembamba. Alisema urukangaga ukatwe kiangazi tu, maua yake yakishageuka kahawia. Ukatwe kiganja kimoja juu ya maji, mzizi usiguswe. Ukanda unaopakana na kijito uachwe kabisa. Na masika, wakati korongo wenye taji wanapotaga humo ndani, mtu asiingie hata kwa kutafuta mbuzi aliyepotea.

"Na atakayevunja?" aliuliza mmoja.

"Mundu wake ukae nyumbani kiangazi kizima," mama alisema. "Wenzake wakate, yeye atazame."

Mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza pembeni aliuliza, bila ukali, huyu mama ametoka wapi hata awapangie watu wa hapa bonde lao. Kabla mama hajajibu, jirani yetu wa upande wa juu, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, akasema, "Ametoka pale kwenye migomba. Kila mtu anapajua."

Watu wakacheka, na katika kucheka huko ikawa wamekubali. Wakamchagua mama awe anayefungua msimu kila mwaka, na yule jirani awe msaidizi wake. Sheria ile haikuandikwa popote. Lakini baada ya miaka michache kisima kilirudi kuwa kisima, na upande uliokufa ulianza kuota tena kidogokidogo kutoka kingoni.

Mimi nilimaliza darasa la saba, nikaenda Biharamulo kujifunza ushonaji kwa mama mmoja aliyekuwa na vyerehani karibu na soko. Huko ndiko nilikompata mume wangu, kijana muuza nafaka aliyeleta suruali kupunguzwa na kuirudisha mara nyingi kuliko ilivyohitaji kupunguzwa. Ndugu zake walikuja kwetu na posa, wakakaribishwa, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa. Tukakubaliana harusi iwe mwishoni mwa kiangazi, watu wakishavuna.

Mpango wa mama ulikuwa wazi. Angekata urukangaga msimu ukifunguliwa, angesuka taratibu, na mimi ningeingia kwa wakwe na mikeka ya kutosha nyumba nzima. Mikeka ya mwaka uliopita ilikuwa imeuzwa yote.

Kisha baba mkwe akaugua. Alipelekwa hospitali, akarudishwa nyumbani, na ikaeleweka kwamba hatapona. Akatuma ujumbe kwa baba yangu kwamba anaomba jambo moja tu, kumwona mkwe wake ndani ya nyumba yake wakati bado anaweza kukaa na kula naye. Baba hakuwa mtu wa kukataa ombi la namna hiyo. Harusi ikasogezwa hadi baada tu ya Pasaka, katikati ya masika.

"Tununue mikeka Kanazi," baba alisema jioni ile tukiwa jikoni.

"Mkeka wa kununua," mama alirudia, kana kwamba baba amesema jambo la kuchekesha lakini yeye hajisikii kucheka.

Nikamwambia, "Mama, niache niende bila mikeka. Wao wenyewe ndio walioharakisha. Hakuna atakayeuliza."

Alikuwa akimenya ndizi. Aliendelea kumenya. "Mimi niliingia nchi hii bila kitu," alisema. "Nimekaa kwenye mikeka ya watu wengine mpaka nikajua harufu ya kila nyumba. Wewe hutaingia kwa watu hivyo."

Baba alichukua kisu cha pili, akamsaidia kumenya.

Siku chache baadaye niliamka asubuhi, manyunyu yakianguka, nikakuta mama hayupo ndani. Nilikuwa nawasha moto alipotokea kwenye njia ya kutoka bondeni. Alikuwa na mzigo kichwani uliofunikwa kitenge, na gauni lake lilikuwa limelowa mpaka kiunoni. Kitenge hakikufika mwisho. Nyuma yake majani mabichi yalichomoza, yakitiririka maji. Alipita mbele yangu, akaweka mzigo nyuma ya jiko, akaning'iniza mundu mahali pake.

"Maji yamechemka?" aliuliza.

"Bado kidogo, mama."

Hayo ndiyo tuliyozungumza.

Alirudi bondeni mara nyingine, kisha akaacha. Urukangaga wa masika haukauki vizuri. Mtu anayesuka anajua hilo tangu utoto, na yeye ndiye aliyenifundisha. Aliutandaza juu ya dari la jiko, akauwekea moto mdogo mchana na usiku, na nyumba yetu ikanuka moshi na bwawa. Tulisuka pamoja, magoti yetu yakigusana. Vidole vyake vilikwenda kasi kuliko nilivyowahi kuviona. Nilitaka kumwuliza kama ameingia upande wa mwisho, ule ukanda wa kando ya kijito wenye maji mengi. Sikumwuliza, maana jibu lilikuja lenyewe.

Korongo wawili walionekana kwenye maharage yetu, juu kabisa ya mteremko, mbali na maji. Kwa lugha ya nyumbani tunawaita imisambi. Masika huwa hawaonekani ovyo. Hukaa ndani ya urukangaga na kiota chao, na unachosikia ni sauti tu. Hawa walisimama wazi mchana kutwa, taji zao zimelowa na kulala upande mmoja, wakilia. Kesho yake walikuwepo tena. Jirani yetu wa juu alikuja kuomba moto, akasimama uani akiwatazama. Kisha akatazama moshi uliokuwa ukitoka kwenye paa la jiko letu. Kisha akachukua kaa lake la moto, akashukuru, akaenda.

Siku ya kuondoka, wanawake wote waliokata na kusuka pamoja na mama walikuja, kama ilivyo desturi, kunisindikiza hadi barabarani kwenye gari. Walibeba mikeka kichwani wakiimba. Ilikuwa bado ya kijani na yenye unyevu, hata kipofu angeijua kwa kuigusa. Nilitembea katikati yao nikiwa nimefunikwa uso, na chini ya kile kitambaa niliona miguu yao tu, na nikasikia nyimbo zao, nzuri na za furaha, na nikaelewa kwamba kila mmoja anajua, na kwamba wamekubaliana kutojua.

Biharamulo tulipokelewa vizuri. Mama mkwe, ambaye ukoo wake umekaa pale tangu zamani, alitandika mkeka wa kwanza karibu na mlango, penye mwanga, na baba mkwe akashikwa mikono miwili akakalishwa juu yake. Nilipiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwako." Alipapasa ule mkeka kwa kiganja, polepole, kutoka kwake mpaka karibu na magoti yangu. "Huu bado unanuka mto," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Ni vizuri. Mimi sijafika mtoni muda mrefu."

Alitaka uwe uleule kila siku. Alikaa juu yake mpaka aliposhindwa kukaa, akalala juu yake, na kabla kiangazi hakijakolea tulimzika.

Mikeka mingine haikufika mbali. Siku moja niliikunjua nikakuta madoadoa meusi ya ukungu, yamesambaa kama upele. Niliona aibu nikataka kuificha. Mama mkwe alinikuta nayo. Aliichukua, akaitandaza juu ya vichaka juani, akaisugua kwa majivu. Tukiwa tunasugua nilimsimulia yote, bonde na sheria na korongo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mama yako alijua itaota ukungu?" aliuliza.

"Alijua."

"Basi, mwanangu, jambo lenyewe halikuwa mikeka," alisema, akaendelea kusugua.

Msimu wa kukata ulipofika niliomba ruhusa kwenda kusalimia nyumbani, na nikawepo siku ya kuufungua. Wanawake walikusanyika ukingoni, asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, kila mmoja na mundu wake. Maua yalikuwa kahawia bonde zima. Kila mwaka mama huomba sala fupi, kisha huonyesha kwa mkono tuanzie wapi na tuishie wapi. Safari hii aliomba sala, lakini mkono hakuuinua. Ndipo nilipoona kwamba hana mundu.

"Masika niliingia humu," alisema. "Nilikata kule mwisho. Wale ndege walikuwa na kiota, nilikiona, nikakata pembeni yake nikidhani watavumilia. Hawakuvumilia. Mnajua wote."

Wengine walitazama miguu yao. Jirani wa juu ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini isiyo yake. "Mwenzangu, ilikuwa harusi. Na mgonjwa alikuwa anasubiri. Tulikaa tukaliona hilo, tukalimaliza. Hatuna neno na wewe."

"Najua hamna neno. Mlibeba mikeka mkaimba." Mama alifuta jasho usoni ingawa kulikuwa na baridi. "Mkinyamaza kwa ajili yangu, mwakani mtamwambia nini mwenye msiba? Na mwenye mtoto mgonjwa? Kila mtu ana sababu. Mimi nilikuwa na sababu nzuri kuliko zote."

"Sasa unataka tukufanye nini?"

"Hamnifanyi kitu. Kateni. Mimi nitakaa pale."

Akaenda kukaa kwenye jiwe lililo juu ya kisima. Wanawake walibaki wamesimama, miundu mikononi, hawajui kama wamepewa ruhusa au wamefukuzwa. Mmoja alianza kulia. Mwishowe jirani wa juu akakunja gauni lake, akaingia majini, na wengine wakamfuata. Nilisikia sauti ya mundu wa kwanza kwenye shina la kwanza. Nilikwenda kukaa karibu na mama. Nilipomshika mkono hakuuondoa.

Kiangazi kile kilikuwa kigumu kwake. Mwanamke aliyezoea kusuka, mikono ikikosa kazi, anakuwa kama mtu aliyepotelewa na kitu asichokikumbuka. Alilima vibarua kwenye mashamba ya wengine. Baba alinung'unika kwamba wamejitungia umaskini wakauita sheria. Nilituma sukari na sabuni kwa basi. Sabuni aliitumia. Sukari, nilikuja kusikia, aliichemshia uji akawapelekea waliokuwa wakikata. Walimletea mafungu ya urukangaga mlangoni kwake, akayarudisha. Walichokubaliana mwishowe ni kwamba atawafundisha binti zao kusuka kwa urukangaga wa wenyewe, na mikeka ibaki kwao. Uani kwetu pakajaa wasichana.

Korongo hawakutaga bondeni masika yaliyofuata, wala yale ya pili. Baadaye walitokea wawili, sijui kama ni walewale, wakajenga upande wa pili wa kijito. Mama hakuwahi kusema ni kosa lake, wala kwamba si kosa lake. Alikuwa tu akisikia mlio wao, anaacha alichokuwa akifanya mpaka uishe.

Miaka ilipita. Nikapata watoto. Siku moja ya mvua za vuli alikuja mtu kutoka mjini na vijana aliowakodi, wakaingia bondeni na kukata kila walichokikuta. Alikuwa ameahidiwa mikeka mingi mahali fulani, na alisema kiongozi mmoja wa kijiji amemruhusu kwa mdomo. Wanawake walishuka. Nilikuwa nyumbani kwa mazishi ya shangazi, nami nikashuka nao. Yule mtu hakuwa mbaya. Aliwasalimia mama zetu kwa heshima, akawauliza sheria hiyo imeandikwa wapi.

"Haijaandikwa," jirani wa juu alisema.

"Sasa mimi nitaijuaje?"

"Kwa kuambiwa, kama hivi tunavyokuambia. Aliyeitunga mwenyewe aliwahi kuivunja, akakaa nje kiangazi kizima. Muulize, huyu hapa."

Yule mtu akamtazama mama. Mama wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mwembamba, na kilemba chake kilikuwa kimetota mvua.

"Ni kweli, mama?"

"Ni kweli, mwanangu. Nilikaa kwenye jiwe lile."

Alibishana kidogo zaidi, lakini maneno yake yalikuwa yamelegea. Mwishowe alichukua kilichokwisha katwa, akaondoka na vijana wake. Hakurudi.

Nisiseme kwamba tulishinda. Kiangazi kilichofuata, mkutano wa kijiji uliamua sehemu ya chini ya bonde ichimbwe mitaro, igawiwe kwa bustani. Leo pale pana kabichi na nyanya, na kati ya wanaolima wamo binamu zangu, wanaosomesha watoto kwa kabichi hizo. Sina la kuwaambia. Kilichobaki cha urukangaga ni sehemu ya juu, ile inayozunguka kisima, na kimebaki kwa sababu waliosimama mkutanoni kukitetea hawakuweza kuambiwa kwamba wanatetea matumbo yao, maana kila mtu alijua habari ya jiwe lile.

Mwaka juzi kwetu Biharamulo kulikuwa na semina ya siku moja ya vikundi vya akina mama, nami nilikwenda na wenzangu wa ushonaji. Mwezeshaji alikuwa dada mchangamfu, alizungumza vizuri juu ya matumizi endelevu ya misitu na mabonde, na mifano yake ilikuwa ya kweli. Nilikubaliana naye kwa kila jambo. Lakini maneno yale, matumizi endelevu, niliyageuza kichwani njia nzima nikirudi nyumbani. Ni maneno sahihi, na hayana mtu ndani yake. Hayana yule aliye na harusi. Niliwaza kwamba mmea unaweza kukua tena wenyewe ukiachwa, hilo ni jambo jepesi. Kuacha ndiko kugumu, kwa kuwa anayeacha ana watoto, na wakati mwingine anaacha kwa ajili ya ndege ambaye hatamshukuru na majirani ambao wangemsamehe.

Kiangazi kilichopita nilikwenda Mbuba kumwona mama. Macho yake hayaoni mbali tena, na anasuka kwa kupapasa. Nilimkuta uani na jirani wa juu, naye sasa ni mzee wa kutembea na fimbo, wanabishana. Mvua za miaka hii zimekuwa zikichelewa kuisha, na maua ya urukangaga yanachelewa kuwa kahawia. Jirani alitaka msimu ufunguliwe uleule mwezi uliozoeleka, maana wasukaji wanangoja. Mama alitaka wangoje maua. Jirani akasema maua yenyewe siku hizi hayajui kalenda. Mama akasema kalenda ndiyo isiyojua maua. Niliwasalimia, wakaitikia bila kunitazama, wakaendelea. Baada ya muda jirani alimwomba mmoja wa wasichana wanaojifunza kusuka amletee shina moja kutoka bondeni. Akalileta. Wakalipokezana, wakilivunja, wakilinusa, mama akilipitisha kwenye midomo kupima unyevu.

"Bado," mama alisema.

"Limekaribia," jirani alisema.

Walikuwa bado hawajakubaliana nilipoingia ndani kuweka mzigo wangu.